Ni Gachau Yupi Aliyetuma Wimbo?

Mimi si mtu wa kulia kwa sababu ya gita. Niseme hivyo mapema, maana kule kwa Kaloki, Ruiru, kuna wazee wazima wanaotoa leso hata kabla ngoma hazijaanza. Sisi ni watu wa roki ya zamani, ile ya miaka ya sabini na themanini, ya vijana wenye nywele ndefu na suruali za kubana. Kaloki alikuwa fundi wa redio na bado ana mashine yake ya santuri, inafanya kazi vizuri kuliko magoti yake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, tunajaa sebuleni kwake. Sheria ni moja tu: unaleta wimbo, unachezwa mpaka mwisho bila mtu kufungua mdomo, halafu unatuambia unakukumbusha nini. Simu yako ikilia katikati ya wimbo, mwezi unaofuata unaleta nyama.

Mwezi uliopita Kaloki akasema tuje na wake zetu. Nilipinga. Nilisema hawa watatucheka mpaka tukome. Nani alinisikiliza?

Basi nikatoka nyumbani kwetu Kiganjo, Thika, na mke wangu Ngendo, mwalimu wa nasari mstaafu. Kwenye kiondo chake kulikuwa na santuri moja iliyozungushiwa kitambaa. Nikamuuliza ni ya nini.

"Baba Kui, si ungoje tu."

Zamu yake ilipofika, Kaloki akaiweka. Ulikuwa wimbo wa kuanza polepole, sauti ya mwanamume na gita moja, halafu katikati ngoma zinaingia kama mtu ameangusha kabati la sufuria. Niliujua, nani asiyeujua? Ulipoisha Ngendo akasimama, akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu Kui wetu azaliwe.

"Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa na mahindi ya njano ya msaada," akaanza. "Nilikuwa nakaa na shangazi yangu hapa Ruiru. Huyu mtu mnayemwona alikuwa amenichosha. Leo yuko, wiki tatu hayuko. Nikasema, basi, huyu nimemalizana naye. Jumamosi moja napiga pasi, kipindi cha salamu kikaanza redioni, ile ya Kiingereza. Mtangazaji akasoma kadi: wimbo huu unatoka kwa Gachau wa Kiganjo, Thika, kwenda kwa Ngendo wa Ruiru, anasema amekosa, anaomba msamaha, na kesho atakuja. Woi! Niliacha pasi ikachoma gauni la shangazi mpaka likatoboka. Na kesho yake akaja kweli. Nikajua ndiye huyu."

Syokau, mke wa Kaloki, akapiga vigelegele. Wazee wakapiga makofi. Kaloki akaniuliza niliwezaje kuchagua wimbo mzuri hivyo, na mimi, mjinga mkubwa, nikasema, "Nilijua ataupenda."

Lakini sikutuma kadi yoyote. Sijawahi kutuma kadi redioni maishani mwangu.

Kwanza nikafikiri nimesahau. Nina miaka sitini na mitano, natafuta miwani ikiwa imekaa puani. Nikajikagua pale kwenye kiti: nilinunua kadi wapi? Niliandika na kalamu gani? Hakuna kitu. Nilichokumbuka ni kingine, na hicho nakikumbuka vizuri sana. Jumapili ile nilienda Ruiru kumwacha.

Ndiyo, kumwacha. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanya kazi kilitaka kunihamisha Eldoret, na nilikuwa nimeona mapenzi ya barua sitayaweza. Nilifika kwa shangazi yake na maneno yangu nimeyapanga vizuri. Mlango ukafunguka, Ngendo akanikimbilia akicheka, akanishika mkono mbele ya shangazi, jambo ambalo hakuwa amewahi kuthubutu. Ndani kulikuwa na chai na chapati. Nilichanganyikiwa. Utaanzia wapi kumwacha mtu anayekuongezea chapati? Nikala, nikaaga, nikarudi Thika na maneno yangu tumboni. Eldoret sikwenda. Kwa miaka arobaini nimeamini alinikimbilia kwa sababu alikuwa na hamu ya kuniona tu, mimi kama mimi.

Sasa nikainua macho, nikamwona binamu yangu Gachau kwenye kona, anakikodolea macho kikombe chake cha chai kama kimeandikwa kitu ndani.

Siku hizi mimi naitwa Zacharia, au Baba Kui. Wakati ule nilikuwa Gachau tu, na yeye Gachau tu. Baba yangu Kinyanjui na baba yake Ndung'u ni ndugu, na kila mmoja alimpa kifungua mimba wake jina la baba yao, kama inavyotakiwa. Tulikodi chumba kimoja pale Kiganjo. Ukiita "Gachau" mlangoni, tunatoka wawili.

Alipotoka nje nikamfuata, nikamkuta nyuma ya tangi la maji.

"Ile kadi ni yangu," akasema kabla sijauliza.

Nikamshika kola. "Ulimtumia mke wangu wimbo?"

"Mke wako gani? Haiya, Zaka, niachilie, utanirarua shati! Wako hata sikuwa namjua vizuri. Nilimtumia Ngendo wangu."

"Ngendo yupi?"

"Yule wa hapa hapa Ruiru, karibu na stesheni. Binamu ya mke wako. Baba zao ni ndugu, wote wawili wamepewa jina la nyanya yao. Ni kama sisi na guka, babu yetu."

Nikamwachilia kola. "Na yeye alisikia?"

"Angesikia na nini? Redio yao haikuwa na betri. Jumapili nilienda kama nilivyoahidi, nikamkuta amevimba kwa hasira, hajui habari ya kadi wala ya wimbo. Akaniambia nirudi nilikotoka. Sasa yuko Nakuru, ana wajukuu." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Leo ndio nimejua wimbo wangu ulienda wapi."

Wimbo haukutoka kwangu. Haukutumwa kwa Ngendo wangu. Mtu mmoja aliusikia, na siye aliyetumiwa. Mtu mmoja akafaidika, na siye aliyetuma. Nyumba ile nyingine ingekuwa na betri mbili tu, je, mimi ningekuwa Eldoret? Kui angekuwa mtoto wa nani? Nilijaribu kulifuata jambo lile mpaka mwisho, likanishinda, nikaanza upya, likanishinda tena.

"Nyamaza tu," Gachau akaniambia. "Mimi sitasema. Miaka arobaini si mchezo."

Nilikubali. Walahi nilikubali, na ningenyamaza mpaka leo kama si yale niliyoyasikia tulipofika nyumbani. Ngendo alifika, akavua sweta, akaweka maharagwe kwenye uteo aanze kuyachambua, na hapo akaniambia alichopanga.

"Jumamosi ijayo kwa ruracio ya Kui, wakwe wakishaleta mahari na kula, tutacheza huo wimbo. Wewe utasimama uwaambie uliandika nini kwenye kadi, yote, hata yale ambayo redio haikusoma. Nataka Kui asikie baba yake alikuwa mtu wa namna gani."

Nilimwona Kui amekaa mbele ya wageni akiniamini. Nilimwona Gachau ameketi kati ya wazee wa ukoo, anatazama kikombe chake. Niliogopa. Nilijua nikisema nitamnyang'anya mke wangu kitu alichokitunza kwenye kitambaa miaka yote hiyo, na labda aninyang'anye na mimi changu. Lakini kusimama pale na kadi ya mtu mwingine mdomoni, hapana. Sikuweza.

"Mama Kui, ile kadi si mimi."

Nikamweleza yote. Gachau wawili, Ngendo wawili, betri. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamweleza na ya Eldoret, kwamba ile Jumapili nilikuja kumwacha.

Alichagua maharagwe, akatoa jiwe, akatoa jingine. Mwishowe akasema, "Miaka arobaini namshukuru mtu ambaye hakuwepo."

"Pole."

"Usiniambie pole! Nilijua tumekosana mambo mengi, lakini siku ile nilikuwa nimeiweka pembeni, haiguswi. Nikikukasirikia naenda naikumbuka, narudi. Sasa nitaenda wapi?"

Nilikaa kwenye kigoda kama mtoto aliyevunja kitu cha wageni.

Akaendelea kuchagua. Halafu mkono ukasimama.

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu gani?"

"Iliyofuata. Asubuhi. Ulitoka shifti ya usiku, ukaja na baiskeli kutoka Thika mpaka nasari yetu kule shamba la kahawa, umejaa vumbi mpaka kope. Ukasimama nje ya ua mpaka nilipotoka kula. Nikakuuliza umekuja kufanya nini, ukasema hujui. Ukanipa maparachichi mawili, ukapanda baiskeli, ukaenda. Jumapili ulizuiliwa na wimbo wa watu wengine, sawa. Jumatatu nani alikutuma?"

Nilikuwa nimeisahau siku ile kabisa. Kumbe ilikuwepo wakati wote, kwake, na mimi sikuwahi kuiuliza.

"Hakuna aliyenituma."

"Nimekuuliza, ulikuja kufanya nini? Na usiniambie hujui."

"Nilitaka kukuona. Usiku wote ule kwenye mashine nilikuwa naomba kupambazuke, nikuone tena."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nje jirani alikuwa akiita watoto wake waje waoge.

"Hayo ndiyo utasimama useme mbele ya wakwe," akasema. "Huo wimbo tumrudishie Gachau. Na usinishike, bado nina hasira."