Supu kwa Kipimo

Jumapili jioni kaka mkubwa alipiga simu, na kama ilivyo kawaida yake hakuongea, alifoka. Miaka ishirini ya kusimamia ujenzi, yeye yuko chini na mafundi wako ghorofa ya sita, ilikuwa imemharibia koo na adabu kwa mpigo.

"Kidonge! Baba anaendeleaje?"

Kidonge ni jina alilobandikwa na baba yake siku alipohitimu ufamasia, na kwa kuwa kimo chake hakikuwa na la kupinga, likamganda. Aliisogeza simu mbali na sikio.

"Mafua tu, kaka. Homa imeshuka. Ila hamu ya kula ndiyo haijarudi."

"Mafua gani ya wiki mbili? Sasa sikiliza. Alhamisi nakuja. Nikimkuta bado amelala, nafungasha nguo zake, naondoka naye. Huku kuna nafasi, na wifi yako anashinda nyumbani. Wewe unashinda kwenye duka la dawa. Nani anamwangalia?"

"Mimi namwangalia."

"Kwa darubini?"

Simu ikakatwa. Baba alikuwa kwenye kochi, blanketi mpaka kidevuni, akijifanya anasikiliza redio ambayo alikuwa ameshaipunguza sauti ili asipitwe na neno.

Watu wa mtaa walimwita Mzee Fomu. Alitunza stoo ya hospitali kwa miaka thelathini na minne na hakuwahi kutoa hata balbu moja bila fomu iliyojazwa kila kisanduku. Inasimuliwa, na yeye hajawahi kukanusha, kwamba siku mganga mkuu alipozimikiwa na taa msalani, Mzee Fomu alimpitishia fomu na kalamu chini ya mlango, akasubiri.

"Mimi siendi," alisema. "Kwa kaka yako hata chumvi imewekwa kabati la juu. Nitakuwa mgeni mpaka nife."

"Basi kula, baba, upone. Alhamisi akukute umesimama."

"Nitafanya lolote utakaloniambia," akasema Mzee Fomu, na hakuwa mtu wa kutania.

Kidonge akaingia jikoni. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuugua bila supu ya kuku. Marehemu mama aliipika kwa homa, kwa kufeli mtihani, na mara moja, kwa kaka mkubwa, kwa kuachwa na mchumba. Haikuwa na siri yoyote ila subira. Unatafuta jogoo wa kienyeji aliyekula chumvi nyingi, mwenye mapaja ya mcheza mpira. Unambandika kwenye moto mdogo unamwacha abishane na maji kwa saa tatu. Tangawizi na vitunguu saumu unatwanga, hukati. Karoti na viazi vinaingia baadaye, pilipili manga mwisho, na ndimu unakamua sufuria ikiwa imeshashuka, usije ukaitia uchungu. Harufu ilipofika sebuleni, redio ikazimwa.

"Imeiva?" sauti ikauliza.

"Bado, baba."

Ilipoiva, alikuwa amepitiwa na usingizi.

Jumatatu alfajiri Kidonge aliamka mbiombio. Ilikuwa wiki ya kuhesabu dawa zote dukani, kutoka asubuhi mpaka giza linaingia. Akaimimina supu kwenye makopo sita yenye vifuniko, na kwa kuwa hawezi kuona chombo bila kukibandika kitu, akachomoa karatasi za gundi kwenye mkoba wake wa kazi. Alitaka kuandika "supu" na tarehe tu. Lakini mkono ulioandika lebo mia nne kwa wiki hauulizi kichwa. Ulipokuta nafasi wazi, ukajaza. Akapanga makopo kwenye friji, akamgusa baba yake bega.

"Baba, supu iko kwenye friji. Unapasha tu. Nimeandika juu yake."

"Nitasoma," alisema baba.

Jioni akamkuta kwenye kochi.

"Supu umekunywa?"

"Nimekunywa. Kama ulivyoagiza."

"Safi! Uliipenda?"

Mzee Fomu akafikiri. "Ni kali," alisema. "Kali kwa maana ya nzuri. Inamwacha mtu akiiwaza."

Jumanne vivyo hivyo; Kidonge alirudi usiku ameshakula kazini, friji hata hakuigusa. Jumatano, Kidonge alipofungua mlango, baba yake alikuwa akitoka msalani ameshika ukuta kama mtu anayepita ukingoni mwa paa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shati lilimning'inia.

"Baba! Umekunywa supu kweli?"

"Mara tatu. Sijaruka hata moja."

Usiku ule Kidonge alijilaza akitazama dari. Mtu anakula mara tatu kwa siku na anakwisha. Ama kuna ugonjwa ambao hakuugundua, yeye msomi mzima, ama supu yake si supu. Ya mama ingemsimamisha baba siku ya pili. Na kama ni hivyo, basi kaka ana haki, na baba aende akalelewe na watu wenye muda.

Alhamisi aliomba ruhusa, akarudi saa sita mchana. Gari la kaka lilikuwa tayari limeziba geti. Ndani, sanduku la baba lilikuwa wazi mezani na mashati saba yamekunjwa humo. Kaka mkubwa alikuwa amesimama katikati ya sebule kama anayekagua nguzo.

"Njoo umwone baba yako! Nimemnyanyua kwa mkono mmoja, Kidonge. Mmoja! Ulikuwa unamlisha hewa?"

"Alikuwa anakula, kaka. Muulize."

"Nilikuwa nakula," alisema Mzee Fomu kutoka kwenye kochi. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Usimtetee, baba. Nipisheni ninywe maji."

Akaingia jikoni. Friji ikafunguliwa. Akatoka na kopo moja kila mkono.

"Haya ni nini?"

"Supu," alisema Kidonge. "Lakini... mbona yamejaa?"

"Matano hayajaguswa. La sita limepungua kidole." Akaliinua kopo kwenye mwanga, akasoma kwa sauti ya kutangazia mafundi: "Supu. Vijiko viwili, mara tatu kwa siku, baada ya chakula."

Kidonge akahisi masikio yanawaka.

"Tikisa kabla ya kutumia," kaka akaendelea. "Usizidishe kipimo. Weka mbali na watoto."

Wote wawili wakamgeukia mzee.

"Baba," Kidonge akasema polepole. "Tangu Jumatatu umekunywa vijiko viwili?"

"Mara tatu kwa siku. Tena hukuandika kijiko cha ukubwa gani. Nikachukua cha chai, kwa usalama."

"Na hicho chakula cha kabla?"

"Kipande cha mkate. Hakikupita vizuri, lakini uliandika baada ya chakula, nikakisukuma." Akapapasa bega. "Kutikisa ndiko kulikoniumiza. Mle ndani mna paja zima."

Kaka mkubwa alijikunja kama aliyepigwa ngumi ya tumbo, akaweka makopo chini, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kidonge hakucheka. Alipiga magoti mbele ya kochi.

"Baba, ni mkono tu umezoea. Ile ni supu! Wewe hukushangaa? Harufu yote ile, njaa yote ile?"

"Nilishangaa. Jumanne nilikaa mbele ya friji nikalia kidogo."

"Sasa kwa nini hukunywa?"

Mzee Fomu alivuta blanketi, akalinyoosha kwenye magoti, kona kwa kona.

"Kaka yako alisema huna nafasi ya kuniangalia. Nikasema, acha niwe mgonjwa asiyesumbua. Nisipinge, nisiulize. Nikianza kuzidisha dawa ungesema mzee huyu amekuwa mkaidi, bora aende."

Kicheko cha sakafuni kikakatika.

Kidonge alisimama, akamimina makopo mawili kwenye sufuria, akawasha moto. Tangawizi ilipopanda, alijaza bakuli kubwa kuliko yote nyumbani, akampa baba yake upawa badala ya kijiko.

"Kipimo?" aliuliza mzee.

"Mpaka ushindwe."

Bakuli la kwanza lilikwenda bila neno. Kwenye la pili jasho jembamba likamtoka kipajini, akatupa blanketi. Katikati ya la tatu, paja mkononi, alikuwa ameshahamia mezani kwa miguu yake mwenyewe. Kaka mkubwa akasogea na sahani.

"Nionje basi, kidogo."

"Weka mbali na watoto," alisema Mzee Fomu, akalivuta bakuli.

"Nina miaka arobaini na tano, baba!"

"Wewe ni mtoto wangu au si mtoto wangu?"

Mwishowe alionja, akiwa amesimama kando ya sufuria, na baada ya mikupuo mitatu akafumba macho. "Kama ya mama," alisema, kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kufoka. Kisha akamtazama dada yake. "Anabaki. Ila wiki za kuhesabu dawa, niambie, nije mimi nikae naye."

"Utaweza kupika?"

"Nitaweza kupasha."

"Kabla hujaondoka," baba akaingilia, mdomo umejaa, akionyesha sanduku kwa mfupa, "rudisha mashati yangu. Meupe kulia, ya mistari kushoto. Na lile la bluu halikunjwi hivyo. Litoe, anza upya."