Mbwa Asiyekuwamo Kitabuni

Ua wa Émilienne kule mtaa wa Panda haujawahi kukosa watu. Anayekwenda sokoni anapitia, anayerudi anaketi, na asiye na safari yoyote ndiye anayekaa kuliko wote. Mwenyewe anapaka rangi huku masikio yako wazi, na brashi yake haijasimama hata siku moja kwa ajili ya umbeya. Ikibadilika, ni kuongeza mwendo.

Kazi yake mji mzima unaijua: tablo, yaani picha za rangi juu ya kitambaa, zilizonakiliwa kwa mkono kutoka picha za vitabu vya zamani. Inayopendwa zaidi ni ya mjane aliyevusha moto, ya kitabu walichosomea babu zetu. Mjane amesimama mtumbwini, chungu cha makaa kichwani, mamba wamemzunguka, na nyuma yake mbwa mwekundu ameketi kama chifu. Watu wa Panda huitundika sebuleni, juu ya kochi, ili mgeni asikose la kuuliza. Akishauliza, mwenyeji anasimulia, na maongezi yameanza.

Basi siku moja akaingia Papa Godefroid, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na kitu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa anangoja ugeni: watu wa Kapolowe walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Jaël.

"Mama Émilienne, minye nilipata kitabu yenyewe," akasema. "Angalia."

Ua wote ukainama. Picha ilikuwa ya wino mweusi, imechorwa kwa ustadi: mjane, chungu, mamba. Nyuma ya mtumbwi, maji matupu.

"Imbwa iko wapi?" akauliza Eugénie, jirani ambaye habari ikimfikia asubuhi, mchana imeshafika Mulungwishi.

"Hakuna imbwa. Haikukuwaka." Godefroid akafunga kitabu taratibu. "Balitudanganyaka miaka yote. Minye nataka tablo ya kweli, sawa vile kitabu."

Émilienne akacheka. "Papa, ile imbwa ni ya papa yangu Théodore, Mungu amuweke pema. Alikuwa anachora juu ya gunia ya bunga ya mahindi. Sasa muhuri ya kinu ikakatala kutoka, hata na sabuni. Akaweka imbwa juu yake, na minye nikafuata yake."

"Na weye ulijua?" Eugénie akashika kiuno. "Juu ya nini haukutuambia?"

"Nani aliniuliza?"

Wakacheka wote, lakini kabla jua halijazama kicheko kilikuwa kimegeuka. Mama mmoja alifika na tablo yake imefungwa katika kitenge, anataka mbwa afutwe. Mwingine akauliza kama yake ni feki. Na huko kwenye bomba la maji watu walishaanza kumwita marehemu Théodore mwongo wa rangi. Émilienne alilielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Ile tablo isiyo na mbwa ikisifiwa mbele ya wageni, kila sebule ya Panda itamrudishia yake, na jina la baba yake litabaki la tapeli.

"Katala," Eugénie akamshauri. "Umwambie uko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini? Nitamuchoria. Na nitaichora muzuri, asipate ya kusema."

Na kweli aliichora. Aligawa picha kwa miraba, akagawa kitambaa kwa miraba, akahamisha mstari kwa mstari mpaka mamba wakapata meno yao yote. Pale pa mbwa akapaka maji, safi kabisa.

Siku ya ugeni alialikwa kwa Godefroid, akaketi karibu na mlango wa jikoni. Bukari, yaani ugali, na samaki vilikuwa mezani. Mjomba wa kijana aliyekuja kuposa, mzee mmoja aitwaye Lambert, akainua macho kwenye tablo juu ya kochi.

"Tablo muzuri sana. Imbwa yake iko wapi?"

Godefroid akasimama, akaleta kitabu, akaeleza kama yuko darasani. Lambert akakitazama kwa adabu, akakirudisha.

"Sawa. Kitabu ilisahau."

"Haikusahau, Papa. Haikukuwa nayo."

"Sasa nani wa kwanza alisikiaka mamba? Kwetu tunajua ni imbwa. Ilibweka, mama akageuza mutumbwi."

"Haina vile," shangazi wa kijana akadakia. "Imbwa ilikuwa ya bwana yake marehemu. Njo maana ilimufuata mpaka ng'ambo."

Hapo nyumba ikawaka. Kila mtu na mbwa wake: wa kwa bibi, wa kwa shangazi, aliyelia, aliyeogelea. Wakwe na wenyeji wakachanganyika viti, Jaël akacheka mpaka akaweka sahani chini. Kitabu kikabaki juu ya kabati, hakuna aliyekigusa tena.

Asubuhi Godefroid alikuwa uani kwa Émilienne. Yule mama wa kitenge alikuwa ameshapita kuchukua tablo yake, kimya kimya, na mbwa wake mzima.

"Mama, uniwekee imbwa."

Émilienne akamsogezea kiti. "Ile ni ya kitabu, Papa, na ni muzuri. Siigusi. Nakuchoria ingine, na hapa chini naandika jina ya papa yangu."

"Kopi haiandikiwake jina."

"Ya kitabu, haina. Ile ingine ni ya Théodore."

Godefroid akajikuna kidevu.

"Andika kubwa," akasema hatimaye. "Bageni banarudia Jumapili, na macho ya ule muyomba Lambert haione mbali."

Émilienne akatandika kitambaa kipya, na safari hii akaanza na mbwa.