Atakayemchinja Ng'ombe wa Kavumbi

Kavumbi alifariki Jumatano, na mpaka Jumamosi asubuhi mjane wake, Rispah, hakuwa ametoa chozi hata moja. Si kwamba hakuwa na uchungu. Uchungu alikuwa nao tele, lakini kila alipotaka kulia aliletewa jambo la kuamua: mara sanduku, mara mahema, mara mchele. Na asubuhi hiyo, akiwa amekaa kwenye mkeka wa matanga kati ya wanawake wenziwe, akaletewa jambo lililoyapita yote.

Aliyelileta ni bintiye, Caroline. "Mama, mchungaji amemrudisha Baba Alfani pale nje. Amesema Mwislamu hatachinja hapa."

Alfani alikuwa jirani yao, Mdigo na Mwislamu, na kwa miaka thelathini hakuna mnyama aliyeanguka katika boma hilo la Wakristo ila kwa kisu chake. Ndiyo desturi ya huku nyuma ya Majoreni, ambako Waduruma na Wadigo wanapakana shamba kwa shamba. Ukiwa na karamu au msiba, unamwita Mwislamu achinje, ili kila atakayekuja ale. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo. Watu waliona tu kwamba ni aibu jirani yako kuketi mbele ya sinia akitazama wenzake wakitafuna.

Mchungaji Sanga alikuwa na miezi saba tu tangu aletwe, na katika miezi hiyo alikwisha kumwona shetani mahali ambapo wenyeji walikuwa wameona majirani. Nyama iliyosomewa maneno ya dini nyingine, alisema, haitaliwa katika maziko ya mtoto wa Mungu. Ikiliwa, yeye hatasimama kaburini. Tayari alikuwa amempa kisu mwanakwaya mmoja, na ng'ombe amefungwa kwenye mkorosho, anasubiri.

"Nyamaza tu, dada," wanawake walimshauri Rispah. "Mume azikwe kwa sala. Nyama ni nyama."

Rispah aliogopa, tusidanganyane. Kavumbi aliimba katika kanisa lile tangu lilipokuwa la makuti. Kumtia udongoni bila mchungaji, kama mtu aliyeokotwa njiani, kungemkaa Rispah rohoni mpaka naye afe. Lakini alimkumbuka Kavumbi huyohuyo akivuka shamba, kuku kwapani, kumpeleka kwa Alfani hata siku ambazo hawakutarajia mgeni. Alipomwuliza sababu, Kavumbi alimjibu kwamba mgeni hapigi hodi kwa kutaja dini yake.

Akainuka. Wanawake wakashika vinywa, kwa maana mjane hatoki mkekani kabla ya maziko. Alijifunga leso, akatoka hadi pale mchungaji aliposimama.

"Mchungaji, kuku wangu umewala Jumapili ngapi?"

"Nyingi, mama. Mungu akubariki."

"Walikuwa watamu?"

"Sana."

"Wote walichinjwa na Alfani. Marehemu alikuwa akiwapeleka kwake kabla ya ibada. Sasa kama kuna pepo aliyekuingia, sema tukuombee."

Chini ya hema mtu alicheka, akajidai anakohoa. Mwanakwaya alikiweka kisu juu ya kiti, akasogea mbali nacho. Lakini mchungaji hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu.

"Hilo sikulijua, na nisilolijua halinihukumu," alisema. "Leo najua. Akichinja yeye, mimi sipo."

"Nimekusikia," Rispah alisema.

Ndipo Tembo, mzee wa kanisa, aliponyanyuka na kitabu chake cha nyimbo. "Nenda kamwite Alfani, mama. Neno la kaburini nitasoma mimi. Sisi tuliobatizwa humu tumekula mkono wa Alfani miaka yote, na bado tunamwomba Yesu." Waumini kadhaa wakaitikia amina, na wengine wakatazama chini. Kanisa si mtu mmoja.

Alfani alikuwa ameketi kizingitini kwake, kisu kimefungwa kitambaani juu ya mapaja. Alipomwona Rispah amekuja mwenyewe alishtuka.

"Shemeji, mjane hatoki."

"Ametoka."

"Mimi sina kinyongo. Tutakuja kumzika ndugu yangu, kisha turudi kwetu. Kula si lazima. Sitaki maziko ya Kavumbi yaingie fujo." Akakigeuza kisu mapajani. "Na hata kwetu wapo kama huyo mchungaji. Mwezi jana mmoja aliningoja nje ya msikiti, akaniambia kisu kinachowachinjia makafiri kinanitia dhambini. Nikamwambia akasome zaidi."

"Ukaacha kuja?"

"Sikuacha."

"Basi leo ndiyo siku ya kuacha?"

Rispah akaketi chini, hapo hapo kwenye mchanga, mjane mzima. "Kavumbi hajawahi kula karamu huku jirani yake anatazama. Nitakaa hapa. Maziko yatanisubiri."

Alfani akajua mwanamke huyu habebeki. Akasimama, akafungua kitambaa, akajaribu makali kwa kidole gumba.

Saa nane walimzika Kavumbi. Tembo alisoma kwa sauti ya kukwaruza, akakosea mistari miwili, na kwaya ikaimba. Baada ya udongo yaliandaliwa masinia ya pilau, na waliovaa kofia na wasiovaa waliketi wakala pamoja, wakigombania ukoko kama kawaida yao. Mchungaji Sanga hakuwa ameondoka. Alisimama kando ya pikipiki yake, ufunguo mkononi, wala hakuiwasha.

Rispah alimwita Caroline, akamjazia sahani. "Mpelekee. Mwambie ni mkono uleule wa Jumapili. Na asipokula, usimsemeze neno, mwachie tu."

Hakungoja kuona. Alirudi ndani, akaketi kwenye mkeka wake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akalia.