Mazoezi ya Kushuka

Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajafika, mtengeneza meno ya bandia alisogeza pembeni seti ya meno ya mzee mmoja aliyeahidiwa kutafuna kabla ya Jumatatu, akaipandisha baiskeli yake juu ya meza ya kazi, akaanza kubadilisha raba za breki. Chumba kilinuka plasta na nta. Kwenye rafu zilipangwa taya za mtaa mzima, midomo wazi, kama wajumbe waliokatizwa katikati ya kikao. Wenzake wa chama cha baiskeli walimaliza matairi na cheni. Yeye alimaliza raba za breki, alizila kama karanga. Kupanda alipanda vizuri, kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja plasta ikauke. Taabu yake ilikuwa kushuka. Kila mteremko aliushuka vidole vimekaza na meno ameyauma, huku wenzake wakimpita wakipiga mluzi.

"Mwenda pole hajikwai," aliwajibu.

"Hajikwai, lakini lori linamkuta njiani," alisema Mhasibu, mkuu wa chama, ambaye viatu vyake vya baiskeli viling'aa kuliko sufuria mpya.

Lori hilo lilikuwa la waandalizi wa mashindano. Mashindano yenyewe yalikuwa ya siku nzima, milima mitupu, kulizunguka bwawa kubwa mpaka kurudi mahali pa kuanzia, na aliyekutwa njiani na machweo alipakiwa yeye na baiskeli yake kama gunia la viazi. Mwaka uliopita alipakiwa. Medali hakuitamani. Alitaka kulizunguka bwawa lile kwa miguu yake, hata mara moja, kwa sababu bonde alilozaliwa lilikuwa chini ya maji yale, na kulizunguka ndiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kwenda nyumbani.

Barabara ya zamani ya bondeni ilikuwa bado ipo. Ilishuka mlimani kwa kona zilezile, ikapita chini ya mti wa kizuizi uliowekwa na ofisi ya bwawa, ambao mbuzi waliukwepa bila shida, kisha ikaingia majini bila kuaga. Magari hayakupita, kwa hiyo ilifaa kwa mazoezi. Alizoea kushuka mpaka karibu na maji, kusimama, kugeuza na kupanda tena. Jumamosi hiyo, kwenye kona ya mwisho, alimkumbuka baba yake.

Baba yake alikuwa muuza maziwa. Alifunga madebe mawili nyuma, moja kila upande wa karia, akampakia bintiye mbele juu ya bomba la baiskeli, na kila asubuhi alishuka mlima ule bila kugusa breki. "Ukishika breki maziwa yanamwagika," alikuwa akisema. "Mlima unajua kazi yake, uachie." Upepo ulimjaza mtoto mdomo, naye alicheka mpaka machozi. Maishani mwake hakuwahi kupenda kitu kama alivyozipenda asubuhi zile. Basi akaachia vidole. Baiskeli ikaenda. Alipoyaona maji yamefika alifumba mdomo, maana tahadhari nyingine hakuwa na nafasi nayo.

Hakulowa. Barabara iliendelea chini ya maji kama ilivyokuwa juu, lami ileile yenye viraka, na shimo la mbele ya duka la mshonaji lilikuwa bado halijazibwa. Alilikwepa kwa mazoea. Mwanga ulikuwa kama wa chumba chenye pazia la kijani. Samaki waliingia na kutoka kwenye madirisha ya shule, ambayo hata zamani hayakuwa na vioo. Karibu na ukuta wa nyumba yao, baba yake alikuwa ameketi juu ya debe lililogeuzwa, pembeni mwa shimo jembamba ambamo zamani lilisimama jiwe la kaburi lake. Baiskeli yake ya maziwa ilikuwa imeegemea ukutani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nilikuwa nashika breki."

"Nilijua." Baba akamtazama juu hadi chini, akalitazama na tandiko la baiskeli. "Hilo lipandishe kidogo. Umekaa kama mtu anayeogopa kuombwa ashuke. Na jiwe langu limekwenda wapi?"

"Lipo juu, Baba, kwenye makaburi mapya. Mama analisafisha kila Jumapili."

"Analisafisha jiwe?"

"Anakaa nalo. Anakupa habari za watu, nani kaoa, nani kagombana na nani."

Baba alifikiri. "Mimi sisikii kitu," alisema. "Huku nasikia mitambo ya umeme tu."

Mambo yalikuwa hivi. Bwawa lilipokuja, baba alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. Ofisi iliahidi kuhamisha watu, mifugo na makaburi, kila kitu kwa heshima zake. Wafanyakazi walifika na lori na maturubai, wakawaomba wafiwa wasisogee karibu, na jioni jiwe la baba lilikuwa limesimama kilimani, limenyooka, na udongo umepigwapigwa vizuri mbele yake. Mama alilia, akawashukuru mmoja mmoja, akawachemshia chai. Wawili kati yao waliomba waongezewe.

Tangu hapo mtengeneza meno alifanyia mazoezi yake chini. Kushuka hakuwa na budi ajifunze, maana sheria ya maji ilikuwa moja tu: ukigusa breki, unalowa. Kupanda kutoka kule, na uzito wote wa bwawa mabegani, kulimpa mapaja ambayo chama kizima kilianza kuyasema. Siku moja Mhasibu aliona majani ya majini yamesokotwa kwenye gia zake. Akachutama, akayachunguza kwa makini.

"Mafuta uliyotia kwenye cheni ni ya njia kavu," alimwambia. "Kwa njia kama yako unatakiwa utie mazito." Kesho yake alimletea chupa yake mwenyewe, imebaki nusu.

Chini, baba na binti waliongea habari za zamani. Waliwataja wateja wa maziwa nyumba kwa nyumba, yule aliyedai kila siku kwamba yametiwa maji, na yule bibi aliyetoka na kikombe chake kabla kengele ya baiskeli haijalia. Binti alikaa chini karibu na magoti ya baba na kutamani asirudi juu kwenye taya zake. Lakini kila alipoinuka kuondoka, baba aliuliza swali lilelile.

"Mama yako anakuja lini?"

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Mama alikuwa amezeeka, kifua chake kilikuwa kikimsumbua, na alikwisha kujichagulia mahali pake pa kuzikwa, kilimani, ubavuni mwa jiwe la mumewe. Alipalilia pale kwa mikono yake na aliwatajia wageni kama mtu anayetaja kiwanja cha mtaa mzuri. Bintiye sasa alijua kwamba ubavuni mwa jiwe lile hakukuwa na mtu.

Alikwenda ofisi ya bwawa. Ofisa alikuwa mpole, mwenye tai, na nyuma yake kulikuwa na picha kubwa ya bwawa likiwa limejaa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli," alisema. "Yaliyohamishwa ni mawe. Mkandarasi alikuwa amechelewa, na maji yalikuwa yanapanda. Waliokuwamo wote wapo kulekule."

"Wote?"

"Wote. Na hakuna aliyewahi kulalamika, wala wa juu wala wa chini. Wahenga walisema, dada yangu, maiti haulizwi sanda."

"Baba yangu anauliza jiwe lake."

Ofisa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Alieleza kwamba bwawa haliwezi kukaushwa kwa ajili ya familia moja, na kwa ajili ya familia zote ndiyo haliwezi kabisa. Alipoinuka kumsindikiza alimpa kalenda ya ofisi. Kila mwezi ulikuwa na picha ya bwawa kutoka upande mwingine.

Jioni hiyo alimkuta mama amekaa kibarazani na sinia la maharage mapajani, anachambua. Alikaa karibu naye akaanza kumsaidia, na walipofika nusu akamwambia.

"Mama, Baba hayuko kilimani. Yuko kulekule nyumbani. Huwa nakwenda kumwona."

Mama aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo uani, na jingine.

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Na mimi miaka yote hii nilikuwa namsimulia nani?"

Mama alilifunika sinia, akakunja mikono.

"Wale watu niliwapa chai," alisema. "Nikawatilia na sukari." Kisha akasema, "Nipeleke."

Fundi wa kuchomelea aliifunga karia kwenye baiskeli ya milimani, akisikitika, kwa kuwa baiskeli nzuri namna ile hakuwahi kuiharibu. Mhasibu alimwazima helmeti yake. Mama aliivaa juu ya kitambaa, akakaa upande, akamshika binti yake kiunoni. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa plasta. Alisema asitishwe na mtu, yeye alibebwa mlima ule kabla binti hajazaliwa. Ndiyo njia aliyoletwa nayo akiwa bi harusi, juu ya karia, mumewe akikataa katakata kushika breki. Alipiga kelele toka juu mpaka mlangoni, na bonde zima likatoka kumtazama. Alipolisimulia hilo alicheka kama msichana.

Walishuka. Upepo ulivuma, kona zikapita, maji yakaonekana yakimeta.

"Shika breki!" mama alipiga kelele. "Shika breki wewe!"

Vidole vya binti vilimsikia mama kabla ya kichwa chake. Walisimama ndani ya maji ya kawaida, baridi, yaliyowafika kiunoni.

Walijaribu tena wiki iliyofuata, na nyingine. Mama alikula kiapo cha kunyamaza. Alijifunga kitambaa mdomoni. Aliuma sabuni. Kila walipofika kona ya mwisho sauti ilimtoka hivyohivyo, na binti, ambaye tangu utotoni alifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alishika. Mara ya mwisho walikaa ukingoni wakikamua nguo. Mama alianza kucheka, akacheka sana, mpaka ikawa si kicheko tena.

"Nimempoteza mara mbili, mwanangu," alisema. "Na mara hii kwa mdomo wangu mwenyewe."

Daktari alisema kifua hakitaki tena maji ya baridi. Karia ikafunguliwa.

"Usimlaumu," alisema baba aliposikia. "Hata siku ile ya harusi nilikaribia kushika." Halafu akamwambia bintiye kwamba siku ya mashindano asithubutu kushuka. "Zunguka kama wenzako. Umelifanyia kazi jambo hili. Mimi nitakwenda nawe huku chini."

Siku ilipofika, waandalizi walimpa mama kiti kwenye kituo cha maji, pale barabara ya zamani inapoingia bwawani. Waendesha baiskeli waliondoka na baridi ya alfajiri. Walipoanza kufuata ukingo, kengele ya baiskeli ilisikika kutoka majini, ikilia kwa vipindi kama inavyolia kengele ya mtu anayegawa maziwa. Wengi walisogea pembeni wapitwe, kwa adabu, na walipoona hapiti mtu waliendelea. Kengele ilimfuata mtengeneza meno kwenye kila ghuba na kila rasi. Alipochoka ilingoja. Kwenye miteremko alimpita Mhasibu, akapita vijana, vidole vimelala juu ya usukani, na alikuwa akilia na kufurahi kwa pamoja, peke yake katikati ya mlima.

Alipofika kituoni mama alikuwa amesimama, glasi ya maji mkononi imeinama inamwagika.

"Kengele ileile," mama alisema. "Mpaka leo hajaikaza skrubu. Nilimwambia." Alimsukuma binti yake mgongoni. "Nenda, lori linakuja."

Alimaliza jua likiwa bado linaonekana. Alivishwa medali ya bati, akaenda kuitundika kwenye rafu, kwenye taya isiyokuwa na mwenyewe.

Mama aliacha kwenda kilimani. Jumapili alikaa ukingoni na kusikiliza. Aliomba kwamba siku yake ikifika azikwe pale, na bintiye alipeleka ombi ofisini. Ofisa, yuleyule mpole, alieleza kwamba ukanda wa ufukoni ni hifadhi na hauruhusu makaburi, hasa kwa sababu ya usafi wa maji. Alikumbusha kwamba kilimani mahali palikwisha kutengwa, tena pazuri.

Mama alifariki mvua zilipoanza. Alizikwa kilimani, ubavuni mwa jiwe. Ofisi ya bwawa ilileta shada la maua, kubwa kuliko yote.

Jumamosi iliyofuata binti alipita makaburini kabla ya mazoezi. Mama alikuwa ameketi juu ya udongo wake mpya, amelipa jiwe mgongo, anapangusa vumbi magotini.

"Hapo pembeni hakuna mtu," alisema. "Nimebisha hodi mpaka nimechoka."

"Najua, Mama."

"Mwambie nimefika."

Binti alishuka mlima wote, akaingia majini, akapita mbele ya duka la mshonaji na shule. Baba alimwona kutoka mbali.

"Mama amefika," alimwambia.

Baba alisimama haraka. Alifunga vifungo vya shati, akajipangusa nywele kwa kiganja, akatazama barabara nyuma ya binti yake. Aliitazama kwa muda mrefu, mpaka kwenye kona.

"Yuko wapi?"

"Kilimani, Baba. Kwenye jiwe."

Baba akakaa tena, taratibu. Juu yao mitambo ilikuwa ikinguruma, na taa za mji zilikuwa zikiwaka vizuri.

"Basi mwambie pole na safari," alisema.

Binti aligeuza baiskeli, akachagua gia nyepesi, akaanza kupanda kumpelekea.