Kosa Lililoandikwa kwa Thobias

Wakili Modesta alitaka jina kamili la mwanangu na idhini ya kuandika barua polisi.

"Mama, Thobias ameshakiri kwamba alimjeruhi mwenzake sokoni," alisema. "Hapo hakuna ubishi. Kilichobaki ni adhabu. Hakimu atauliza kama ana makosa ya nyuma. Akiwa msafi nitaomba kifungo cha nje, alale kwako. Kwa hiyo nawaomba polisi watazame alama zake za vidole kwenye kumbukumbu zao, wanijibu kwa maandishi."

"Andika, mwanangu," nikasema. Nilijua Thobias hajawahi kushitakiwa.

Kaka yangu Yakobo, niliyeteremka naye kutoka Matombo, akakohoa. "Ya nini kuamsha waliolala? Kijana ni msafi. Mimi mjomba wake nasema."

"Mahakamani neno la mjomba halitoshi, mzee."

"Wewe binti, umewekwa kututetea au kutuchimba?"

"Nisipochimba mimi, upande wa mashtaka watachimba. Bora nijue kwanza."

Nilimtazama kaka. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, naye jasho linamtoka puani.

Majibu yalipokuja, Modesta alinipigia simu. Thobias alikuwa na kosa moja, kuchoma msitu wa hifadhi, na kifungo chake alikwisha kukitumikia. Mwaka wenyewe ni ule niliokuwa hospitalini Morogoro namuuguza marehemu mume wangu. Kaka aliniambia kijana amekwenda Kilombero kukata miwa.

Thobias alikuwa nje kwa dhamana. Nikamkalisha jikoni.

"Moto aliwasha mjomba, anasafisha shamba," alisema. "Ukamshinda, ukapanda msituni. Akaniambia mtoto wa dada ndiye mkono wa mjomba, na mkono ndio unaoungua, si kichwa. Nikakiri."

"Mimi mama yako hukuniambia."

"Baba alikuwa anakufa, mama. Na shamba tunalolima linatoka kwake."

Ni kweli, kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayegawa ardhi. Kijana kumbebea mjomba mkungu wa ndizi, hiyo ni heshima. Lakini kumbebea jela! Nilikuwa kama mtu aliyeona funza kwenye nyama aliyokwisha kuila.

Modesta alimwita kaka, akamweleza mbele yangu. Aende akale kiapo cha maandishi kwamba moto ni wake. Rekodi haitafutika siku ya hukumu, lakini hakimu atapata sababu ya kumhurumia Thobias.

"Mimi ni mwenyekiti wa kigango, kanisa zima linanitazama," kaka akasema. "Mtu mzima havuliwi nguo hadharani."

"Mwanangu ulimvua wewe," nikamwambia.

"Bernadeta, yule kijana ana nguvu. Jela ile ya kwanza si alirudi amenenepa?" Akacheka. Alicheka kweli, meno yote nje, na Modesta akageuzia uso ukutani.

Siku ya hukumu mwendesha mashtaka alisoma lile kosa la nyuma. Modesta akasimama, akaeleza moto ulikuwa wa nani. Hakimu akauliza kama kuna mtu wa kuthibitisha. Nikageuka. Kaka alikuwa benchi la nyuma, anatazama viatu vyake. Hakimu alingoja, tena alingoja sana, kisha akaandika. Mwanangu akapewa mwaka mmoja ndani.

Jumapili kanisani kaka ndiye aliyeongoza maombi ya waamini. "Tuwaombee wafungwa," alisema, sauti imetulia kabisa. Watu wakaitikia.

Tulipoambiwa tupeane amani, alivuka njia akanijia. "Amani ya Kristo, dada." Ule mkono niliutazama kama kitu kilichookotwa jalalani. Wa kwangu ukabaki ndani ya khanga.

Wakati wa komunyo nilikaa. Aliye na neno na ndugu yake hapandi altareni kupokea, ndivyo tulivyofundishwa. Kaka alikuwa mstarini, mikono kifuani. Theresia, jirani yangu, akaniinamia.

"Hupandi leo, mama Thobias?"

"Sipandi," nikasema, wala sikunong'ona. "Mwanangu yuko jela kwa sababu ya moto wa Yakobo. Ule msitu aliuchoma yeye."

Mstari ukasimama kidogo, vichwa vikageuka. Kisha ukaendelea, na kaka yangu alipofika mbele akafumba macho, akafungua mdomo apokee.