Vigingi vya Shemeji

Kila kiangazi ofisi ya barabara hunikabidhi lori la tangi, dereva mbishi na orodha ya waliojaza fomu. Kila nyumba hupata hatua mia za dawa ya vumbi, yaani maji ya chumvi yanayoishika changarawe isitimke. Mwenye nyumba hupigilia vigingi viwili mbele ya lango lake, sisi tunamwaga katikati. Kwenye karatasi ni kazi nyepesi. Mwaka huu, baada ya wiki sita, macho yangu yalikuwa mekundu kama ya mlevi, na mgongo ulishaniomba talaka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee mmoja, mstaafu wa posta. Langoni kwake hapakuwa na kigingi. Nilivikuta vyote viwili huko juu, mbele ya nyumba ya jirani.

"Mzee, umehama bila kutuaga?"

"Sijahama. Vumbi linatoka kule, upepo unalileta huku. Mkimwaga hapa mtalowesha kuku wangu tu."

Dirishani nyuma yake mkewe alikuwa amejiziba pua kwa kitambaa kilicholowa. Akakohoa, akapumzika, akakohoa tena. Dereva akazima redio.

"Dawa inamwagwa langoni kwa mwombaji," nikasema. "Ukitaka kwa jirani, jirani asaini."

"Basi nendeni zenu." Akaketi juu ya jiwe. "Yule ni shemeji yangu, mdogo wake huyu mama. Tangu tugombanie ua wa mpakani, mwaka wa pili huu, hatusemeshani."

Tangi lilikuwa limebaki na dawa ya hatua mia, basi. Kesho yake lori lilikuwa linahamia wilaya nyingine mpaka kiangazi kijacho, na kifua kile hakikuonekana kuwa na subira ya mwaka mzima.

Nikajikokota na fomu hadi juu, lori likinifuata. Shemeji alikuwa amesimama langoni, mikono kifuani.

"Mwambie nimesikia. Sauti yake haihitaji simu."

"Mwambie mwenyewe. Mimi mtu wa barabara, si mshenga."

Akachukua kalamu. "Dada anakohoa tangu lini?"

"Mimi nimefika saa nne, nikamkuta anakohoa."

Akasaini, fomu ameiegemeza kwenye mlango wa lori. Kisha akang'oa kigingi cha kwanza, akaenda nacho juu hadi kwenye kona.

"Upepo unaanzia hapa. Nakaa hapa, naujua."

Akarudi, akahesabu hatua kwa sauti, akahamisha na cha pili. Alipomaliza, lango lake lote lilikuwa limebaki nje ya vigingi.

"Utakula vumbi wewe," dereva akamwambia.

"Nimelizoea."

Kule chini mzee akainuka kwenye jiwe. Akapanda hatua chache, akavitazama vigingi.

"Shemeji," akaita, "hicho cha huku kimelegea."

Shemeji akaokota jiwe, akakigonga. "Kimekaza?"

"Bado kidogo."

Nikamwambia dereva awashe pampu, kabla sijaikumbuka kanuni ya langoni.