Simsim ya Amito

Akina mama sita wa kambi ya polisi ya Nsambya walikuwa na neno lao. Hakuna aliyetamka "dawa". Walisema simsim, ule ufuta ambao nyumba nyingi za watu wa kaskazini huletewa kutoka kwao. Zamani nesi wa mradi aliwaletea vidonge vya virusi vya ukimwi mpaka mlangoni. Mradi ulipofungwa wakaanza kupokezana: mmoja anakwenda kliniki, anarudi na vichupa vya wote, anavitia pamba visilie, ndipo anavigawa.

Zamu ilikuwa ya Aol, yaani Mama Odur, mjane anayeuza mandazi getini. Foleni ilimweka mpaka jua likaanza kushuka, na vidonge vya mwenzao Amito vilikuwa vimeisha jana yake. Amito mwenyewe alikuwa karibu kujifungua. Kwa hiyo Aol hakupitia nyumbani kuchukua pamba. Alikifunga kichupa cha Amito kwenye kitambaa, akaenda moja kwa moja.

Mlangoni alimkuta mama mkwe wa Amito, Mama Ocaya, aliyefika juzi kutoka Kitgum kungoja mjukuu.

"Amito kaenda kuchota maji. Umebeba nini, binti yangu?"

"Simsim yake, Mama." Ulimi uliteleza kwa mazoea tu.

Uso wa bibi ukachangamka. "Simsim? Tangu nifike nalishwa matoke, matoke. Lete nikaange."

"Ina mchanga, Mama. Nitakuletea nyingine."

"Mchanga unitishe mimi? Nimepepeta simsim kabla mama yako hajaolewa." Akakinyakua kifurushi, akakitikisa.

Kikalia chaka-chaka.

Mkono wa bibi ukabaki hewani. Mlio ule aliujua. Aliusikia mwaka mzima kitandani kwa binti yake, mpaka walipomzika. "Hivi ni vya nani?"

Amito alikuwa ameshatokea na jerikeni kichwani. Alipoona kitambaa alisimama, maji yakamwagika mabegani asiyajali. Mumewe hakuwa ameambiwa. Neno moja tu, na angerudishwa kwao na tumbo lake.

"Vyangu," Aol akasema. "Nilitaka Amito anifichie. Kwangu watoto wanapekua."

Bibi akamgeukia mkwewe. "Wewe ulijua?"

Amito akatua jerikeni. "Sikujua, Mama. Aliniambia simsim."

Bibi akaweka kifurushi chini, akakisukuma kwa mguu. "Chukua mzigo wako. Na yale mandazi yako, mwanangu hatayala tena."

"Sawa, Mama."

Kesho yake beseni lilikaa limejaa. Askari walipita wakisalimu kwa mbali, wengine wakapita kimya kabisa. Kufika adhuhuri mandazi yalikuwa yamekauka, na Aol alikuwa anawaza Ggaba, sokoni kwa wavuvi, ambako hakuna anayemjua.

Ndipo Amito akaja, macho chini. "Nipe moja."

"Mama amelala?"

"Amelala."

Aol akafunga andazi ndani ya gazeti pamoja na kichupa. Amito akakitikisa kidogo karibu na sikio. Kimya. Pamba ilikuwamo.

"Mama Odur, jana nilisema..."

"Nenda ukameze kabla hajaamka."

Amito akaenda. Aol akafunika beseni, akatazama huku na huku kama yuko wa kumtwika. Wanawake wawili waliokuwa karibu wakageukia ukuta. Akainama, akajitwika mwenyewe.